Kiti cha Mbele na Maziko ya Mama

Kaka Athumani,

Assalaam aleikum. Salamu hiyo ni haki yako ya Kiislamu, basi ipokee. Ya moyoni usiitafute, sina. Na mwingine yeyote atakayeisoma barua hii na aisome, sifichi kitu.

Juzi ulipopiga simu nilinyamaza, ukadhani nalia. Silii. Ulikuwa waniambia kwamba moyo wakusumbua, kwamba daktari wa huko Ulaya amekuonya, na kwamba umeshapanga kila kitu: Mungu akikuchukua, wakuhifadhi kwenye friji, wakulete Likoni kwa ndege, uzikwe ubavuni mwa mama. "Ndugu yangu, hilo tu ndilo ninaloliomba," ukasema. Ningelikujibu papo hapo ningelikutukana, na mama hakutulea kutukanana. Ndipo nikaona niandike.

Wakumbuka kitanda chetu cha kamba kule Mtongwe? Mama na mimi tukilala kichwani, wewe miguuni, umejikunja. Makuti yakivuja ulinisogeza mimi pakavu, wewe ukalala penye matone, na asubuhi ukenda skuli na shati bichi. Nilikupenda, kaka, wallahi nilikupenda. Ndege zikishuka ng'ambo, upande wa Port Reitz, mama akisimama uani na upawa mkononi, akituambia, "Mmoja wenu ataipanda hiyo, inshallah." Ukaipanda wewe. Mama alilia wiki nzima, kisha akaanza kujigamba.

Na lo, alivyojigamba! Ilipokuja habari kwamba kampuni yako sasa yakukalisha mbele, daraja la biashara, kwanza aliuliza, "Kwani Athumani amekuwa mchuuzi? Auza nini humo?" Tulipomweleza, mtaa haukulala. Kila aliyekuja kuomba chumvi aliambiwa mwanawe hukaa mbele, karibu na rubani, na huletewa chakula na kitambaa cha meza. Alikifurahia kiti hicho kuliko wewe mwenyewe. Nikikumbuka furaha yake ile, damu yanichemka.

Alifariki Jumanne, baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Nilikimbia dukani kwa Shee Omari nikakupigia simu, ukalia mpaka nikaogopa. "Msimzike," ukasema. "Nafika kesho kabla ya Alasiri. Nataka nimshushe mama kwa mikono yangu." Nikakuahidi. Mtoto wa kiume hajakosea kutaka hilo, na mama hakuwa na mwingine ila wewe.

Lakini wanijua mimi nilikuwa nani mbele ya wazee? Msichana wa jana. Mjomba Hamisi, nduguye mama, aliniangalia akasema, "Mwanangu, maiti haekwi. Akiekwa ateswa." Nikamshika miguu, mbele ya watu, ushungi umenianguka. Nikamwambia, "Mjomba, ni mwanawe wa kiume wa pekee. Msubirini." Wazee wengine wakaguna. Mmoja akainuka akenda zake, hajanisemesha mpaka leo. Mjomba akanionea huruma. "Mpaka kesho Alasiri," akasema. "Ikipita, usiniambie neno."

Kumpeleka mama makafani, penye baridi, wazee walikataa katakata. Basi mume wangu akenda kwa wauza samaki, akaleta mabonge ya barafu, tukayatia kwenye mabeseni tukamzungushia. Mama yetu, Athumani! Aliyenukia asumini na udi maisha yake yote, amezungukwa na barafu la nguru. Joto la Likoni walijua. Maji yakatiririka sakafuni, nami nafuta, nachoma ubani, nafuta tena. Wanawake waliokuja kutoa pole walijiziba pua kwa ncha ya leso, mimi nikajifanya siwaoni.

Jumatano asubuhi ukapiga simu dukani. "Ndege imeharibika," ukasema. "Nafika Alhamisi. Nisubirini, tafadhalini." Nilirudi nyumbani. Mjomba nilipomweleza hakugomba. Alisema tu, "Muosheni maiti." Baada ya Alasiri akaingia kaburini yeye mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akampokea mama kwa mikono yake. Kumtoa ilibidi vijana wawili wamvute. Mtaani wakasema nimemtesa mamangu maiti. Nikawajibu, si kosa la kaka, ndege ni chuma, na chuma huharibika. Nilikutetea, wewe! Nilikutetea kisimani, nilikutetea kwenye foleni ya feri, niligombana na jirani wa mlango kwa mlango kwa ajili yako.

Ukafika Alhamisi. Nikakukumbatia, nikashangaa. Mtu aliyetoka mwisho wa dunia, uso umekutakata, shati halina kunyanzi, wanukia marashi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, angalau hakuteseka njiani.

Siku ya hitima uliingia ndani kukaa na wanawake. Khala Mwanaisha, mdogo wake mama, akakuuliza kwa kukuliwaza tu, "Na huko ndegeni hukaaje, mwanangu?" Ukafunguka. Kiti chajinyoosha, waegesha na miguu. Wapewa kitambaa cha moto ujipanguse uso. Waulizwa watakani, kuku au samaki, na sahani ni ya udongo, si plastiki. Ukatoa kile kimkoba chenye soksi na mswaki, ukampa mwanangu achezee. Wanawake wakacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, nami nikacheka.

Ndipo Khala akasema, "Maskini, na ile iliyoharibika mlikaa humo humo?"

Nawe ukasema, huku wapuliza kahawa yako, "Haikuharibika, Khala. Mbele kulikuwa kumejaa. Walitaka kunitupa nyuma, safari yote ile magoti yako kidevuni. Nikawaambia siwezi, nipeni ya kesho."

Ukanywa kahawa. Hukumaizi! Khala aliweka kikombe chini bila kukimaliza, na wewe ukaendelea kutusimulia matandiko. Ungelitubu ningelikusamehe siku ile ile. Ungeliona haya tu, ingelitosha. Lakini hukujua hata kwamba umesema jambo. Kulikuwa na kiti, kaka. Kiti kilikuwapo, kina mkanda, kilikuwa kinakuja huku huku kwetu, na aliyekikalia alifika mama hajazikwa. Wewe magoti yako, mama barafu la samaki.

Mjomba Hamisi alikufa bila kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Laiti angelinifokea.

Sasa wataka ubavu wa mama. Nakujibu waziwazi, ili pasiwe na wa kudanganywa tena. Utakapofia, zikwa huko huko, siku ile ile, na Waislamu walio karibu. Ardhi yote ni ya Mungu. Usiwaache wakakueka frijini kungoja ndege, na usimtume mtu kunipigia magoti nikusubiri, maana sitakusubiri, na hakuna mzee wa hapa nitakayemwendea kwa ajili yako. Pale ubavuni mwa mama nimeshawaonya wanangu: ni pangu mimi niliyemfutia maji.

Lakini ungali hai, Athumani. Moyo wako waugua, ila wapiga. Basi panda ndege ya kwanza yenye nafasi, hata ukikalishwa mlangoni mwa choo, uje usimame kaburini umwombe mama radhi, kisha uje kwangu uniombe na mimi. Ukija hai nitakupikia, nitakutandikia, nitakuuguza mpaka Mungu apitishe lake. Ukishakufa usije.

Wassalaam,
mimi nduguyo mdogo, uliyeniachia ziwa