Theluji si barafu

Jumatatu, Croydon, baada ya sala ya alfajiri

Wengi hukosea wakaita theluji barafu. Barafu ni maji yaliyoganda. Theluji hushuka kutoka mawinguni, laini kama sufi. Haya nilimweleza mjukuu wangu Salma juzi, katika kile kimji cha milimani ambako watu huteleza na mbao miguuni. Kama kawaida akanijibu kwa Kiingereza, akaenda kuteleza na wazazi wake. Nikabaki dirishani peke yangu.

Jioni alisimama mlangoni akipuliza pumzi. "Babu, huu moshi wa mdomoni unaitwaje?"

Kwa Kiswahili! Mama yake akamwita akaoge kabla sijajibu.

Sasa nimerudi kwangu, nyumba kimya. Naogopa hataniuliza tena.

Mzee wewe, mpigie simu leo kabla hajaenda shule. Mwambie: mvuke.