Nyanya Ndani ya Kanga za Ngoma

Jumamosi, 21 Juni 2025

Miche yote mia mbili imeshika! Matuta sita, hakuna hata mmoja uliolala. Nimezunguka shambani nikicheka peke yangu. Jirani aliyepita atakuwa na la kusimulia.

Hapa Mkunya kila mtu anasubiri baridi iishe ndipo apande nyanya. Mimi nimepanda baridi ikiwa ndiyo kwanza imekaa kitako. Wenzangu wakianza kumwagilia, mimi nitakuwa navuna.

Kaka Dauda kaja kuangalia. Shamba ni lake, kanipa kipande hiki kwa kunijaribu. Kasema nina mpaka siku ya kumtoa mwali wake, binti yake Esha, tarehe tano Julai. Akikuta nyanya zimekufa, hapa panapandwa mikorosho, nami nirudi zangu Masasi. Nikamjibu haya kaka, kwa mdomo mpana. Moyoni niliogopa. Miaka kumi na moja nimekaa chini sokoni pale Mkomaindo nikiuza nyanya za watu. Sirudi.

Jumatatu, 23 Juni

Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Miche tisa imekunja majani, imekuwa myeusi pembeni.

Nimempigia Esther. Tuliuza naye Mkomaindo, sasa kaolewa Makete. Kanitumia picha: barafu imelala juu ya kabichi, nyeupe pee! Nikadhani kamwaga unga. Anasema kwao wanafunika jioni, wanafunua jua likitoka, na kitambaa kisiguse jani. Kitambaa gani? Chochote.

Jamani! Kama kabichi zinapona kwenye barafu, zangu zinashindwaje na ukungu?

Jumanne, 24 Juni

Nimekunja fito za mianzi, nikatandaza juu shuka zangu mbili, vitenge vitatu, pazia la sebuleni na chandarua kuukuu. Vimetosha matuta mawili tu. Manne yako uchi.

Nimelala na koti. Silalamiki.

Jumatano, 25 Juni

Matuta mawili yaliyofunikwa: yamesimama, kijani, yana kiburi. Manne: miche ishirini na sita imekufa.

Chini ya kitanda changu kuna viroba viwili. Ndani yake zimo kanga za sare ya ngoma ya Esha, doti thelathini, nyekundu na njano. Wanawake wamenipa nizitunze kwa sababu nyumba yangu haina watoto wala panya. Nimeviangalia viroba.

Nikajiita kwa jina langu: hapana, Sijaona. Hapana.

Alhamisi, 26 Juni

Nimezitoa.

Si kuiba. Nazitandaza jioni giza likishaingia, nazianua alfajiri, nazianika ndani kwenye kamba, nazikunja. Nani atajua? Na ukiziona zilivyopendeza! Matuta yamevaa sare, yamekaa mstari mmoja mmoja, yanangoja tu ngoma ilie. Nimeyachezea kidogo. Kiuno bado kipo.

Jumapili, 29 Juni

Siku tatu, hakuna mche uliokufa. HAKUNA. Iliyobaki ni mia moja sitini na tano, naijua kama watoto. Nimemtumia Esther picha. Kajibu kwa kucheka, halafu kauliza kanga zote hizo nimezitoa wapi. Sijamjibu.

Jumanne, 1 Julai

Wifi yangu Mama Esha kaja kuomba aone sare. Nikamwambia nimeweka dawa ya mende, zisifunguliwe. Uongo ulinitoka bila hata kusukumwa. Kakaa akanisimulia mwanawe anavyoendelea ndani, amenenepa, ameanza kuwa na adabu. Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha pili, zilikuwa zinaning'inia kanga sitini mbichi. Zinadondosha. Tii. Tii. Wifi akauliza kama paa linavuja. Kiangazi hiki! Nikakohoa mpaka akaondoka.

Nimecheka mpaka nimelia. Kisha nimelia kidogo kweli, maana ni mtu mwema.

Alhamisi, 3 Julai

Vitumba vya maua! Tuta la tatu, mche wa saba kutoka mwisho. Vidogo, vina manyoya. Nimepiga magoti kwenye tope.

Bi Swaumu, kungwi, katuma neno kwamba kesho jioni niwagawie wanawake kanga zao. Nikaomba iwe Jumamosi alfajiri, nikasema nataka kuzipiga pasi. Kakubali. Pasi yenyewe sina.

Ijumaa, 4 Julai

Upepo umekufa, mbingu nyeupe. Hii ndiyo baridi yenyewe, inanitoa moshi mdomoni. Kanga zimekauka, nimezikunja, zimekaa kwenye viroba, safi kabisa. Ningeziacha hapo kesho ningekuwa mtu wa heshima.

Nimesimama mlangoni muda mrefu. Kesho Dauda anakuja kukagua.

Nimezibeba zote. Tuta la mwisho nimelifunika huku naimba.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika nimekalia ndoo pembeni mwa shamba. 

Wamekuja bado giza, wanawake thelathini, Bi Swaumu mbele. Nikaamkia shikamoo. Akaitika marahaba ya puani, akauliza kanga ziko wapi. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, ukagoma. Nikasema ziko kwenye nyanya.

Bi Swaumu akageuka akaelekea shambani, wote nyuma yake, mimi mwisho kama mwali.

Kaka Dauda alishafika. Ana vigingi kwapani na kamba ya kupimia mashimo ya mikorosho, amesimama mbele ya matuta yaliyovaa sare ya mwanawe.

Bi Swaumu kashika kanga ya kwanza, kaifunua. Umande ukamwagika. Chini yake kijani tupu. Kafunua ya pili. Kijani. Mama Esha kafunua ya tatu, akaniangalia, akasema ndiyo dawa ya mende hii. Hapo mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wengine wakadakia, na mimi nikakaa kwenye ndoo.

Dauda hacheki. Kainamia mche wa saba, kagusa vitumba kwa kidole. Kauliza hizi zitaiva lini. Kabla sijajibu, Bi Swaumu kamsukumia ncha ya kanga iliyolowa, kamwambia ashike wakamue, mwali hawezi kusubiri mchana kutwa. Kukamua kwa watu wawili hakuna ubishi. Vigingi kaviweka chini, kashika kwa mikono miwili, wanazungusha, maji yanamwagika kwenye tuta langu.

Wanawake wamepanga foleni nyuma yake. Zimebaki hamsini na tisa.