Springi za Kifaru

Jumatatu, 3 Machi
Karakanani tumeletewa trekta kuukuu, limemzidi umri hata marehemu baba. Mwenye trekta anataka ramani ya kila kipande. Nikajiingiza chini na tochi — springi! Springi nene, juu ya magurudumu ya minyororo. Nikasoma kibati cha kiwandani: limeundwa miaka miwili kabla ya vifaru vya kwanza kuingia vitani. Nikabaki nimekaa sakafuni. Fundi mkuu akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana, nikaendelea kupima.

Jumanne, 4 Machi
Mchezo wetu, mimi na mdogo wangu: kuunda upya vifaru vile vya mwanzo, kana kwamba wahandisi wa enzi hizo wangetuuliza sisi. Sharti moja — usitumie kitu ambacho hakikuwepo mwaka ule. Miaka kumi na moja tulitumiana michoro. Yeye dereva wa malori, mimi mchoraji wa karakana, basi nikajipa ujaji.

Alipochora kifaru chenye springi, nikasema mashine za minyororo za mwaka ule hazikuwa nazo, nikamgongea mhuri mwekundu wa ofisini: BATILI. Mbele ya watoto wake! Nikaongeza na utani, kwamba dereva abaki na usukani wake. Watoto walicheka. Yeye akakunja karatasi taratibu. Mwaka wa sita huu hajachora tena.

Kumbe alikuwa sahihi. Na mimi, mjuaji, sikufungua hata kitabu kimoja kuhakikisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia shemeji, mke wa mdogo wangu. Mgongo umemshinda mumewe kabisa. Jumatatu anapasuliwa, na daktari hajaahidi kwamba atatembea. Pingili zimesagika kwa miaka ya kurushwarushwa ndani ya malori mabovu. Nikauliza maumivu yalianza lini.

"Zamani, shemeji. Ile picha uliyoigonga mhuri aliichora amelala kifudifudi. Kukaa alikuwa hawezi."

Sikujua. Sikuuliza pia! Najuta.

Jumamosi, 8 Machi
Jana sikwenda kazini. Nimekichora upya kifaru chake, springi kumi na sita, kila kipimo cha mwaka ule. Leo nimemletea nyumbani kwake. Nimemweleza yote: trekta, kibati, mhuri. Nikaomba radhi. Amelala chali, mchoro ameuinua juu ya uso, anaukagua. Chai ya shemeji imepoa. Naandika hapa kando ya kitanda nipate pa kuelekeza macho.

Ameomba penseli. Nikadhani anataka kutia sahihi.

"Mchoro mzuri, kaka," amesema. "Watu wanakaa wapi?"

Nimetazama. Injini ipo, mizinga ipo, springi zote zipo. Wanajeshi wanane ndani ya chuma hicho, na sijawawekea hata kiti kimoja.

Nimenyoosha mkono anipe penseli nirekebishe. Hanipi. Anasema nimshike kiunoni, nimgeuze kifudifudi, achore mwenyewe. Namwambia atajiumiza. Anasema ameshaumia, nimgeuze. Ngoja niweke daftari —