Yadi Ishirini na Tano za Ransom Hill

Jumatatu, 26 Agosti

Dot, rafiki yangu tangu chuoni, amepiga simu saa mbili asubuhi. Jumatatu! Saluni imefungwa, siku yangu pekee ya kulala. Hata salamu hakutoa. "Vernell, andika!" Nikatafuta kalamu kama mtoto wa shule.

Wikendi ya wahitimu ni tarehe kumi na nane Oktoba, chuoni kwetu Ransom Hill, kama kawaida. Hoteli zote za mji zimejaa tangu mwaka jana, lakini Dot ameshika vyumba viwili kwenye moteli ya barabara kuu, nyuma ya kituo cha mafuta. Tenti letu liko karibu na lango la bendi. Roscoe alete mbavu za kuchoma. Na mimi — saladi ya viazi!

Saladi ya viazi, mimi! Kuna watu wamesubiri miaka ishirini kupewa saladi ya viazi, na bado wanabebeshwa barafu na sahani za karatasi. Dada yake mchungaji alitia zabibu kavu kwenye yake mwaka 2009, mpaka leo analetewa orodha ya vikombe tu. Kidogo nipige vigelegele humo humo kwenye simu.

Halafu akamalizia, kama mtu aliyesahau chumvi: mwaka huu sisi wa 1984 tunatimiza miaka arobaini. Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mechi, tutasimama uwanjani na majina yetu yatasomwa, mmoja mmoja. Orodha inatoka ofisi ya msajili.

Nilikaa chini mpaka kahawa ikapoa.

Jina langu halimo. Hapa tu ndipo naweza kuliandika hili. Sikuhitimu. Nalijua mimi, analijua Mungu, na sasa linalijua daftari hili. Roscoe hajui, na ni mume wangu wa miaka thelathini na minane. Picha yangu ya joho iko ukutani saluni, juu ya draya ya pili. Akipita anaigusa na kumwambia mteja, "Huyo anayekuosha kichwa ana digrii, ujue." Na mimi huwa nacheka tu na kuendelea kuosha.

Jumanne, 27 Agosti

Nimepiga simu ofisi ya msajili nikiwa nimejifungia chooni. Mama mmoja mpole kweli. Akatafuta. Nikasikia vidole vyake kwenye mashine — tap tap tap — na moyo wangu nao.

"Mama Hargrove, umekamilisha kila kitu isipokuwa Kuogelea."

Ndiyo, Kuogelea! Miaka ile huwezi kupewa cheti bila kuvuka bwawa. Somo lilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Na mimi na Dot tulikuwa tunanyooshwa nywele kila Jumatano jioni, kwa chanuo la moto, masikio yakiungua, saa mbili nzima! Sasa nani mwenye akili timamu anyooshwe nywele Jumatano aingie majini Alhamisi? Tuliandikisha majina mlangoni, tukakaa kwenye benchi na vitabu mapajani. Muhula mzima. Hatukulowa hata kidole.

Mwalimu alitufelisha wote wawili. Dot alirudi Juni akamaliza. Mimi nilikwisha pata kazi Montgomery, na sikurudi, ila Dot nilimwambia nilimaliza baadaye. Siku ya mahafali wanakuacha upite tu, wanakupa jalada jekundu. Langu halikuwa na kitu ndani. Baba alinipiga picha nimelikumbatia kifuani. Alikuwa amekodi suti. Ningemwambiaje?

Yule mama anasema sharti hilo lilifutwa zamani, lakini sisi wa zamani tunahukumiwa kwa sheria za zamani. Hata hivyo naweza kufanya mtihani: kuvuka bwawa mara moja, yadi ishirini na tano, bila kugusa ukuta wala chini. Ijumaa tarehe kumi na nane, saa tisa mchana. Nikifaulu, jina litaingia kwenye orodha ya Jumamosi.

Miaka sitini na miwili. Sijawahi kuweka uso wangu majini isipokuwa siku ya ubatizo, na hata siku hiyo mchungaji alinishika pua.

Jumatatu, 9 Septemba

Somo la kwanza. Bwawa la manispaa. Roscoe nimemwambia naenda kununua vifaa vya saluni.

Mwalimu wangu ni Bwana Purvis, askari wa majini mstaafu, umri wake kama sabini na tano, kitambi, filimbi shingoni. Nilitoka na kofia mbili za mpira, na chini yake mfuko wa plastiki, na chini ya mfuko skafu ya hariri. Akanitazama.

"Mama Hargrove, unaogelea au unahifadhi nyama?"

Nikamwambia mimi ni msusi na kichwa hiki ndicho tangazo la biashara. Akasema sawa, ila maji hayasomi matangazo.

Nimeshika ukuta dakika arobaini. Nimepiga miguu. Mwisho nikatia uso. Sekunde nne!! Nikatoka nakohoa na kumwita Yesu, na watoto wa upande wa pili wakanipigia makofi.

Jumatano, 11 Septemba

Kila kiungo kinauma. Mteja amesema leo nimemkanda kichwa kwa nguvu kuliko siku zote, na ameongeza bakshishi.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeelea! Chali, mikono wazi, kama keki kwenye sahani. Bwana Purvis aliondoa mkono wake bila kuniambia, mjanja yule. Nikatazama dari, nikasikia kimya kwenye masikio, na nikafurahi. Nimefurahi kama mtoto, sioni haya kuandika.

Halafu nikakumbuka kwamba chini hakuna kitu, nikazama.

Jumamosi, 5 Oktoba

Saluni imefurika. Kila mtu anataka kuwekewa nafasi Ijumaa ya tarehe kumi na nane, asubuhi kabla ya safari. Nimewaambia Ijumaa hiyo sifungui. Lo! Kelele! Bibi Mayhew amesema basi afadhali aende uwanjani na kofia ya kanisani.

Dot amepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza: nisitie pilipili hoho. Ya pili: nguo ni nyekundu iliyokolea na dhahabu, siyo rangi ya machungwa, maana mwaka jana kuna mtu alivaa machungwa akafanana na mahasimu wetu. Ya tatu sikuelewa. Aliuliza kama mimi bado naogopa maji. Nikashtuka. Nikamwuliza kwa nini? Akasema basi tu, alikuwa anakumbuka ujana. Akakata simu.

Anajua. Dot anajua! Labda msajili amemwambia. Nimechoma sikio la mteja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Yadi kumi na nane. Siendi zaidi. Kila mara nikifika pale rangi ya maji inapokolea, nakumbuka kina, mikono inasahau kazi yake, nashika kamba. Bwana Purvis hakunipigia filimbi leo. Alisema tu, "Kumi na nane ya mama wa miaka sitini na miwili si haba." Hilo ndilo lililonivunja moyo. Alipokuwa ananifokea nilijua nina nafasi.

Roscoe kaninusa shingoni nilipoingia. Anasema nanuka kama shuka la hospitali.

Jumatano, 16 Oktoba

Siri imepasuka.

Roscoe alikwenda saluni kunibadilishia balbu, akakuta vazi langu la kuogelea limeanikwa nyuma ya draya. Akaja nalo nyumbani, amelishika kwa vidole viwili. Akaliweka mezani, kando ya mboga.

"Vernell. Kama kuna mwanamume, niambie jambo moja tu. Anajua kuchoma nyama?"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia. Yote. Chanuo la moto, benchi, jalada tupu, suti ya baba. Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Wapi! Nilijisikia mwizi.

Roscoe akatoka nje kwenye jiko lake la moshi, akaanza kukwangua vyuma ambavyo alikwisha vikwangua jana. Nimemtazama dirishani. Nimeishi naye miaka yote hii, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeogopa mgongo wake.

Baada ya nusu saa alirudi. "Nimewaambia watu wote," akasema. "Posta nzima. Kanisani. Mpaka daktari wa meno, Vernell, mdomo umejaa pamba, nikamwambia mke wangu ana digrii."

"Najua."

"Nimekuwa mwongo miaka thelathini na minane bila hata kuambiwa."

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeamka nikakuta ndoo ya viazi, ratili ishirini, vimemenywa vyote. Vibaya mno, nusu ya kiazi imekwenda na ganda. Roscoe ameketi kwenye ngazi ya jikoni na kisu.

"Bwawa lina urefu gani?" Ndiyo salamu yake.

"Yadi ishirini na tano."

"Na wewe unafika?"

"Kumi na nane."

Akasema hizo saba ni kutoka mlango wa mbele mpaka sanduku la barua. "Sanduku la barua unakwenda na ndara, bibie, unaongea na simu." Nikamwambia njiani kwenye sanduku la barua hakuna futi tisa za maji. Akasema hilo nalo ni kweli.

Bado ana jeraha, namwona. Ananiita bibie badala ya mpenzi. Lakini amesema kesho atakuwepo bwawani, na atabeba taulo mwenyewe, kwa sababu za vyuo huwa nyembamba. Na kama nisipofika? Nikamwuliza hivyo. Akasema basi Jumamosi tutakaa tentini wakati majina yanasomwa, tutakula, na wakiuliza atawaambia ukweli yeye mwenyewe, kuanzia daktari wa meno.

Siwezi kumfanya atembee akiwaambia watu. Siwezi! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilivua nguo 1984.

Viazi vimechemka, mayai yamechemka. Haradali kiasi, siyo nyingi. Zabibu kavu hakuna.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ransom Hill. Naandika nikiwa chumba cha kubadilishia nguo, saa tisa kasorobo.

Tumefika saa saba. Mji umeshafurika: bendera kwenye kila kibaraza, bendi inafanya mazoezi mahali fulani nyuma ya maktaba, ngoma inasikika mpaka tumboni. Roscoe hakutaka hata kwenda kwanza moteli. Yuko juu kwenye benchi za watazamaji, kofia ya rangi ya chuo, taulo begani, saladi yangu ndani ya sanduku la barafu miguuni kwake kwa sababu hakubali iachwe kwenye gari. Anamweleza msimamizi wa mtihani habari za mbavu.

Nikaingia huku ndani. Kuna mtu ameketi kwenye benchi, mgongo kwangu, kofia ya plastiki ya kuogea kichwani, vazi jipya, karatasi ya bei bado inaning'inia kwapani. Akageuka.

Dot!

Tulipiga kelele pamoja.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nimekuja kukagua."

"Kukagua nini na kofia ya bafuni?"

Uso wake wote ukaporomoka. Hakurudi Juni ile. Hakurudi kabisa! Mwenyekiti wa wahitimu wa Montgomery miaka kumi na tisa, anayegawa nani abebe saladi na nani abebe vikombe — jalada lake nalo tupu. Alituma orodha ya majina ofisini mwezi Agosti, ikarudi na majina mawili yamekatwa. Lake na langu. Amejua habari zangu tangu siku hiyo, akashindwa kuniambia, maana angeniambiaje bila kujitaja?

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kabisa. Badala yake tumecheka mpaka msimamizi akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu ameumia.

"Umejifunza wapi?" nikamwuliza.

"Nimetazama video."

"Dot. Video?"

"Nyingi, Vernell. Nimetazama nyingi."

Ee Mungu wangu.

Nimemvua ile takataka ya plastiki. Nimemsuka mistari miwili bapa, nimempaka mafuta mpaka masikioni, nimemvika kofia yangu ya pili ya mpira. Shingo yake imejaa jasho baridi. Nimemwonyesha kuelea hapa hapa kwenye benchi, chali, mikono wazi. Nimemwambia asiogelee, aelee tu na kupiga miguu polepole, sheria haikusema lazima utazame chini. Kanisikiliza kimya. Dot, kimya!

Akauliza kina cha bwawa. Leo nimechoka na uongo, nikamwambia: futi tisa.

"Nikizama, utaiacha digrii uniokoe?"

Nikasema nitafikiria. Akanipiga bega.

Msimamizi amegonga tena. Tunaingia wote wawili, njia zilizo jirani, ila hakuna kushikana. Anasoma majina kama yalivyo kwenye daftari la zamani, majina ya nyumbani kwetu kabla ya kuolewa. Vernell Tolbert. Dorothea Gaines. Huko juu namsikia Roscoe anauliza kwa sauti, "Tolbert ni nani? Aa — huyo ni wangu!"

Nimesimama. Dot ameshika mkanda wa vazi langu kwa nyuma na hauachii. Nimemwambia aje hivyo hivyo mpaka ukingoni, huko tutaona. Daftari naliacha hapa benchini.