Mbao za baba katika banda la Mangapwani

Jumatano, 12 Mei 1954

Simsamehe Bwana Nassor, na wala sijilazimishi.

Kaniita Mangapwani nimtambulie bodi ya gari kuukuu aliyoikuta bandani, chini ya makumbi ya nazi. Haina injini wala magurudumu. "Wewe fundi magari, hii ya kampuni gani?"

Si ya kampuni yoyote. Ni bati juu ya mbao za msaji, na chini ya kiti limechongwa jina la baba yangu, aliyekuwa seremala wa kwao Nassor. Mzee wake Nassor alipokufa, mbao zake za msaji hazikuonekana, Nassor akamfukuza baba kwa jina la mwizi. Baba aliapa kuwa zimo kwenye gari la mzee. Hakuna aliyekwenda kutazama. Kafa na jina hilo.

Nikamwonyesha lile jina chini ya kiti. Akalitazama, kisha akasema, "Sikukuita kwa hayo."

Niliporudi Kikwajuni nikamweleza mama. Akauliza, "Kaomba radhi?"

"Hakuomba, mama."

"Basi kesho nipeleke. Aniambie mimi."

Naogopa atatufungia mlango mbele ya watu. Tutakwenda tu.