Aliyekalia Mikono Yake: Mwaka Mmoja Bila Ekisa Okwi

Mwaka umetimia, Baba Amongin, tangu tulipokulaza hapa nyumbani Amukura. Tangazo lako la mazishi liliandikwa na watu wa chuo ulikofanya kazi. Hili nimeapa nitaliandika mimi mkeo, kwa kompyuta yako, mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu miaka kumi na sita ulinibembeleza nijifunze nami nikakujibu kesho. Misa yako ni Jumamosi hii. Nilianza kuandika Jumatatu ya wiki iliyopita.

Kazi yako wengi hawakuielewa. Majirani walidhani wewe ni fundi wa mitambo, wakakuletea redio na pasi. Kumbe ulikuwa ukiwasaidia wakufunzi wa chuo watumie vyombo hivi vya kisasa kufundisha vizuri zaidi. Na hukuanza na chombo. Kwanza ulimuuliza mtu, "Wanafunzi wako huanguka wapi kila mwaka?"

Mwalimu Osukuku wa uashi ndiye aliyekutoa jasho. Miaka ishirini na sita aliwasomea wanafunzi madokezo yale yale mpaka karatasi zikawa rangi ya chai, na projekta aliiita sinema. Lakini swali lako alilijibu: hawajui kupima pembe za msingi. Ukampeleka Burumba, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, ukamwambia apige video ya fundi akivuta kamba, kwa simu yake mwenyewe. Darasani akaisimamisha katikati na kuuliza fundi atafanya nini sasa. Wanafunzi walibishana mpaka kengele ikalia. Siku hiyo ulirudi nyumbani unacheka peke yako.

Kule Malaba mpakani nako, simu zilipodaka mtandao wa ng'ambo na somo likakatika, hukumlaumu mtu. Uliwaonyesha wakufunzi namna ya kulihifadhi kwenye simu kabla ya kipindi.

Jambo moja kila mtu hulitaja. Ukimfundisha mtu uliketi ubavuni kwake, ukakalia mikono yako yote miwili, usije ukamnyang'anya kipanya. Atatafuta, atabonyeza pasipofaa, na wewe umetulia tu. Ulisema hayo uliyajifunza kwenye chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi: "Kila mtu na mrija wake. Ukimvutia mwenzako, unalewa wewe."

Usijione malaika lakini. Mlango wa jikoni ulikushinda miaka minne, na mchuzi wa karanga uliuonja mpaka sufuria ikabaki nusu. Mlango tumeutengeneza. Mchuzi siku hizi unabaki, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana alasiri nilibonyeza mahali, tangazo lote likapotea. Nililia, sikufichi. Nikamwita Mwalimu Osukuku, maana sasa ndiye anayewasaidia wenzake chuoni kama ulivyofanya wewe. Alipofika nikamsukumia kompyuta, nikamwomba aandike yeye, yaishe. Akairudisha mbele yangu. Akavuta kiti chako, akaketi, akakalia mikono yake.

"Mama Amongin," akasema, "hiyo kitu haijaenda mbali. Angalia pale juu, kushoto. Bonyeza wewe."

Nilitafuta kwa muda mrefu, naye hakujongea. Nikabonyeza. Maneno yako yote yakarudi.

Basi pumzika, baba. Kazi uliyoianza inaendelea, na nyumbani tuko salama.

Unakumbukwa na mama yako Akwii, dada yako Aguti, watoto wako Amongin na Otukei, wakufunzi uliokaa nao ubavuni, na mimi mkeo Beldina, niliyeandika haya yote kwa kidole kimoja.

Daima tutakukumbuka, Baba Amongin. Na hii ndiyo nukta ya mwisho, nimeiweka mwenyewe.