Bibi Anayeuliza Kabla ya Kuwasha Moto

Dada Mwanaisha,

Mnaendeleaje huko Mombasa? Huku kijijini Tulia nimefikia kwa bibi mmoja Mkamba mwenye jambo la ajabu: kabla ya kuwasha moto humwuliza mjukuu wake, Kasyoka, “Niwashe?” Kisha hungoja. Jana tulingoja mpaka tumbo langu likanguruma. Nikauliza, mbona mtoto ndiye mwenye jiko?

“Aliungua,” bibi akasema. “Akawa moto ukiwaka ghafla anakimbia bila kuangalia. Siku moja akajipasua kichwa kwenye kinu. Tangu nianze kumwuliza, hakimbii.”

Leo nimerudi kutoka sokoni nikiwa hoi. Kasyoka akanitazama, akamwambia bibi yake kabla hajaulizwa: “Susu, washa. Mgeni ana njaa.”

Nibusie mwanao Rukia. Tangu aanguke kisimani anaogopa maji, nami nilikuwa nikimvuta mkono huku nikimcheka. Nikija nitamwuliza kwanza.

Kakako,
Omari